Kifaurongo: mmea unaojifanya umekufa, na dawa inayosemwa imo ndani yake

Ndugu yangu, mtoto wa khalati, alinitupia pakiti mapajani tukiwa barazani kwake Mambrui, baada ya Alasiri, akasema: "Hebu nisomee hii, wewe ndiye msomi." Ilikuwa pakiti ya karatasi ya fedha yenye picha ya ua la mviringo, rangi ya waridi. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza: unga wa mbegu za Mimosa pudica, husafisha utumbo, hung'oa minyoo, hutoa sumu mwilini. Ameinunua kwa simu, kwa bei ya kilo tatu za nguru. Mwuzaji kamwambia ni dawa ya siri kutoka India, ambayo madaktari hawataki ijulikane.

Nilisoma jina mara mbili, nikacheka. "Kaka, hii si kifaurongo hii?"

Akadhani namtania. Nikamshika mkono nikampeleka nyuma ya nyumba, kwenye bomba linalovuja ambapo wanawe huoshea miguu. Kilikuwa pale, kimetambaa kando ya zege, kinakunywa maji ya bure. Nikakigusa kwa ncha ya kidole. Vijani vikafumbana jozi baada ya jozi, kama mtu anayefunga vifungo vya kanzu kwa haraka, kisha jani zima likaanguka. Nikamwambia, hiki unachokikanyaga kila siku ndicho ulichokilipia.

Alikitazama kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike: "Basi kinatibu au hakitibu?"

Jibu halitoki kwa neno moja. Tatizo la kifaurongo ni kwamba kitendo chake, jina lake na dawa yake vimesokotwa kamba moja, na mtu akivuta uzi mmoja anadhani amevuta yote. Hapa najaribu kuifumua.

Kwanza tukitambue, maana wengi hupotea hapa hapa. Kifaurongo ni mmea mfupi, hauzidi magoti mara nyingi, wenye shina jembamba la wekundu na vimiiba vilivyopinda. Jani lake lina kikonyo kirefu, na mwisho wa kikonyo hutoka mikono miwili au minne iliyotanuka kama vidole. Kila mkono una vijani vidogo, 10 hadi 26. Ua ni kitufe cha nyuzi nyuzi, rangi ya waridi inayokaribia zambarau, ukubwa wa kunazi. Baada ya ua huja vijitumba bapa vyenye nywele ngumu pembeni, ambavyo vikikauka hukatika vipande vipande, kila kipande na mbegu yake. Nywele zile hunasa kwenye manyoya ya mbuzi na kwenye pindo la shuka. Ndivyo mmea usio na miguu unavyosafiri.

Ni wa jamii ya kunde, mbaazi na ukwaju. Kama kunde, mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaoshika naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea. Ndiyo maana hauchagui udongo; mpe unyevu kidogo na jua, atamea.

Lakini si kila mmea unaojikunja ni huu. Kando ya mito na kwenye nyanda zinazofurika katika Afrika ya joto huota ndugu yake mkubwa, Mimosa pigra, kichaka kinachompita mtu kimo, chenye miiba ya kurarua nguo. Nao hujikunja, na umekuwa balaa kwenye nyanda za Kafue kule Zambia na kaskazini mwa Australia. Kisha kuna mimea midogo ya jenasi ya Biophytum. Haina miiba, ina kishina kimoja na shada la majani juu, mfano wa mnazi uliotengenezewa wanasesere. Hiyo hata si ya jamii ya kunde. Ni ya jamii moja na mbilimbi. Na mbilimbi wenyewe, kama umewahi kuutazama usiku, huinamisha vijani vyake pia. Unga ukishasagwa na kutiwa ndani ya pakiti, hakuna jicho la mnunuzi linaloweza kutofautisha kati ya hii yote.

Sasa jina. Karibu dunia nzima imeutazama mmea huu ikaona haya. Wahindi huuita lajjalu au lajwanti, kutokana na lajja, yaani aibu. Wamalei husema semalu, Waindonesia putri malu, binti mfalme mwenye haya. Kwa Watagalog ni makahiya. Wachina nao wana jina lenye maana hiyo hiyo. Msweden Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea, alipouandika rasmi mwaka 1753 aliupa jina la pili pudica, Kilatini cha mwenye haya. Kote huko mmea ni mwari anayejifunika uso mgeni akipita.

Mswahili hakuona haya. Aliona hila. Kifa-urongo: kinakufa kwa uongo, kinajifanya maiti ili uondoke. Wapemba na Waunguja watasema kifauwongo, sisi wa Malindi na Lamu tunabaki na urongo wetu, lakini shtaka ni lile lile. Jina hili hili hupewa pia mdudu anayejilaza chali akiguswa na kuinuka ukishageuka. Huko Puerto Rico peke yake ndiko nilikokuta watu wenye fikra zetu: wao huuita moriviví, yaani nilikufa nikaishi. Na hata lile neno la kwanza la Linnaeus, Mimosa, linatokana na Kigiriki cha mwigizaji. Kwa hiyo jina kamili la kitaalamu ni kama kusema mwigizaji mwenye haya, jambo ambalo kwa maoni yangu haliwezekani, lakini tuwaachie wenyewe.

Jina ninalirudia kwa sababu mahali pengi jina ndilo lililozaa dawa. Nitalifikia.

Mmea hauna msuli. Basi unajikunjaje? Nenda asubuhi, jua likiwa bado la upande, uinamie jani moja. Pale kikonyo kinaposhikana na shina utaona kivimbe kidogo, kama fundo la kidole. Hicho huonekana bila kioo cha kukuzia. Kuna vingine vidogo zaidi chini ya kila mkono, na vidogo kabisa chini ya kila kijani. Kazi yote hufanyika ndani ya vifundo hivyo.

Seli za kifundo zimejaa maji. Zikiwa zimejaa hukakamaa, kama mpira wa kumwagilia bustani bomba likifunguliwa, na jani husimama wima. Kidole kikigusa, umeme mdogo huzuka na kupita kwenye jani. Ukifika kwenye kifundo, seli za upande mmoja hufungua milango yake na chumvi za potasiamu na kloraidi hutoka. Chumvi ikitoka, maji huifuata. Sheria hii kila mpishi wa pwani anaijua: papa akipakwa chumvi ili awe ng'onda, maji yake hutoka yenyewe yakachuruzika. Upande uliopoteza maji hunywea, na jani huangukia upande huo.

Hapa pana jambo ambalo niliishi miaka mingi bila kuliona. Kifundo cha shinani hunywea upande wa chini, kwa hiyo kikonyo huanguka. Lakini vifundo vya vijani hunywea upande wa juu, kwa hiyo vijani huinuka na kukumbatiana. Jani moja linaanguka na kuinuka kwa wakati mmoja. Jicho linaona kifo tu.

Umeme wenyewe hauna haraka. Mguso wa kidole husafiri sentimita 2 hadi 3 hivi kwa sekunde, na unaweza kuufuata kwa macho ukigusa ncha ya mkono mmoja na kungoja. Ukichoma jani kwa kiberiti ni habari nyingine. Ujumbe huenda mbali zaidi, na majani ambayo hukuyagusa huanguka pia. Kuinuka tena huchukua dakika 10 hadi 20, au zaidi kidogo, kwa sababu seli lazima zirudishe chumvi ndani moja moja, na hiyo ni kazi inayokula nguvu. Jani lililofumba pia halipati jua la kupikia chakula chake. Kwa hiyo kifo cha urongo kina gharama ya kweli.

Mbona basi ujitie hasara? Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Saitama, Japani, walionyesha kwamba ishara ya umeme na ishara ya kalisi (kalsiamu) husafiri pamoja ndani ya jani, na kwamba mimea iliyofanywa isiweze kujikunja ililiwa zaidi na panzi kuliko ile yenye uwezo wake. Mdudu anayetua juu ya meza, meza ikakunjika, hali kwa raha.

Kuna mtu wa kutajwa hapa, Jagadish Chandra Bose wa Bengali, aliyezaliwa mwaka 1858. Alitengeneza vyombo vya kupima mitetemo midogo mno ya mimea, na kifaurongo kilikuwa kipenzi chake. Wakati ambapo wengi wa Ulaya walisema ishara ya mmea ni mambo ya maji tu ndani ya mishipa, yeye alishikilia kwamba ni umeme, wa namna ya ule unaopita katika neva za wanyama. Baada yake wengi wamethibitisha kuwa umeme upo. Kabla yake, Mfaransa Claude Bernard alikuwa ameshauweka mmea huu ndani ya kioo chenye mvuke wa etha, dawa ile iliyotumika kulaza wagonjwa wa upasuaji. Ukaacha kujikunja. Mvuke ulipoondolewa, ukarudia desturi yake. Mmea usio na ubongo ulilazwa kwa dawa ya usingizi ya binadamu.

Na hulala kweli, kila siku, bila kuguswa. Jua likikaribia kuzama, mwadhini hajapanda, kifaurongo huwa kimeshafumba. Mwaka 1729 Mfaransa mwingine, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliufungia mmea wa aina hii gizani akaona unaendelea kufumbua mchana na kufumba usiku, ijapokuwa jua haulioni. Saa ilikuwa ndani yake. Kutokana na swali hilo dogo ulikua utafiti wa saa za mwilini, ambao mwaka 2017 ulipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba.

Mwaka 2014 Monica Gagliano na wenzake, Australia, waliudondosha mmea huu ukiwa chunguni mwake, kutoka kimo cha sentimita 15, tena na tena. Mwanzo ulijikunja. Baadaye ukaacha, kama aliyejua kwamba kuanguka huku hakuna madhara, na wiki 4 baadaye bado haukujali. Wanasayansi wanabishana kama hilo liitwe kumbukumbu au jina lingine. Watoto wa Mambrui hawana ubishi: kifaurongo kilichochezewa sana "kinazoea", watakuambia.

Nimekaa sana kwenye mwendo kwa makusudi. Mwendo huu ndio ulioutia mmea sifa zote. Mmea wa kawaida wenye kemikali zile zile, uliokaa kimya kando ya bomba, usingeuzwa kwa bei ya kilo tatu za nguru.

Kuna usemi mwingine wa kufumua: kwamba hii ni dawa ya mababu tangu enzi na enzi. Kifaurongo asili yake ni Amerika ya kitropiki. Mmea wa Amerika haukuweza kufika huku kabla ya merikebu za Ulaya kuvuka bahari ile mwaka 1492. Vasco da Gama alitia nanga hapa Malindi Aprili 1498, na katika karne zilizofuata njia hizo hizo zilituletea muhogo, mahindi, mananasi, mapapai, pilipili na mkanju. Hakuna anayeula muhogo leo akajiona anakula kigeni, na haki yake. Lakini mtu anaposema kifaurongo kilitibu pwani hii miaka elfu, anadanganya kuliko mmea wenyewe. Wahindi wana tatizo kama letu: jina lajjalu limo katika elimu yao ya tiba ya Ayurveda, na wako wataalamu wao wasemao kwamba jina hilo zamani liliweza kuwa la Biophytum, ule mnazi wa wanasesere, kabla mgeni wa Amerika kulichukua.

Sasa dawa.

Nilikuwa na miaka tisa nilipojikata wayo kwenye kifuo nikifua nazi ambazo sikuambiwa nizifue. Bibi aliponda konzi ya majani ya kifaurongo kwenye kinu cha vitunguu thaumu, akayabandika, akafunga kwa kipande cha kanga na kubana kwa kidole gumba mpaka nikalia kwa kidole kuliko kwa jeraha. Damu ilikata. Siku ya tatu mguu ukavimba, nikapelekwa zahanati kusafishwa na kuchomwa sindano ya pepopunda. Nikiisimulia hadithi hii, wapenzi wa mitishamba huishia kwenye damu kukata, na wapinzani huanzia kwenye uvimbe. Yote mawili yalitokea kwenye mguu mmoja.

Kilichomo ndani ya majani na mizizi ni tanini. Usitishwe na neno. Tanini ndiyo ukakasi: kile kinachokausha ulimi ukila kanju ambalo halijaiva vizuri au ndizi mbichi. Ndiyo hiyo hiyo iliyo ndani ya maganda ya mkoko, ambayo Lamu iliyauza nje kwa ajili ya kulainishia ngozi na kutilia rangi. Tanini hushika protini na kuzikaza. Ikigusa kidonda, hukaza ngozi ya juu na kusaidia damu kugandamana. Ikipita kwenye utumbo unaohara, hupunguza utokaji wa maji. Kwa hiyo wale wa India waliotumia mizizi ya lajjalu kwa kuhara, kwa bawasiri na kwa jeraha linalovuja hawakuwa wakiota. Mwaka 2009 watafiti wa huko walitengeneza malhamu ya mizizi hii na kuyapaka panya; vidonda vilifunga haraka zaidi. Hilo ni ushahidi wa panya, si wa mtu, lakini linakwenda mlemle mkono wa bibi ulimokwenda. Isipokuwa tanini haiui pepopunda, na udongo wa kinu cha thaumu ni udongo.

Uangalie lakini jinsi watu wanavyolieleza: "Kinajifunga, kwa hiyo kinafunga damu." Hapa ndipo jina na kitendo vinapoingia dawani. Mmea unafumba, basi unafumba kidonda. Unalala, basi unalaza mtoto msumbufu ukiuweka chini ya mto. Unanyenyekea ukiguswa, basi mwanamke aoge kwa maji yake mume anyenyekee. Hili nimelisikia Malindi kwa masikio yangu, likisemwa kwa sauti ya chini na kucheka. Kubahatisha kwa namna hii mara nyingine hugonga. Watu wa Veracruz, Mexico, huunywa kama chai kwa huzuni iliyozidi, na mwaka 1999 watafiti wa huko waliona panya waliopewa maji ya majani wakifanya kama waliopewa dawa ya sonona. Lakini ukakasi wa maganda ya mkoko ni ule ule, na mkoko haujawahi kuona haya mbele ya mtu.

Nyoka. Hapa naandika bila utani. India mizizi ya mmea huu hutumiwa kwa sumu ya nyoka, na mwaka 2001 ilichapishwa kazi ya maabara ikionyesha kwamba maji ya mizizi yalipunguza ukali wa sumu ya fira mmoja wa Asia. Habari hiyo imesambaa kwenye simu mpaka imekuwa "kifaurongo chatibu sumu ya nyoka". Katika kazi za namna hii sumu na dawa hukutanishwa kwa vipimo, na kinachotazamwa ni kama panya ataishi. Mtu wa Malindi aliyeumwa na moma shambani hana vipimo. Ana sumu ambayo imekwisha kuingia mwilini, na ya nyoka mwingine kabisa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Watu wanakufa wakiwa njiani, na sehemu ya njia hiyo hupitia kwa mganga. Watamu hapa, mwendo mfupi kutoka Malindi, kuna Bio-Ken, kituo cha nyoka chenye uzoefu wa miaka mingi wa kusaidia walioumwa. Mgonjwa atulizwe, asitembezwe, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe, asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukaza, akimbizwe hospitali. Majani yabaki shambani.

Kuna na sumu ya kifaurongo chenyewe. Kina mimosini, ambayo imo kwa wingi pia katika lukina, ule mti unaopandwa kwa lishe ya mifugo. Mimosini huzuia seli zinazogawanyika haraka, na nywele ni za kwanza kuona. Punda au farasi akila lukina nyingi hunyonyoka singa. Mbuzi na ng'ombe wana nafuu pale matumbo yao yanapokuwa na bakteria wa kuivunja, sisi hatucheui. Mwaka 2002 watafiti wa India waliwalisha panya jike unga wa mizizi, mzunguko wao wa uzazi ukavurugika. Mwenye mimba, anayetafuta mimba na anayenyonyesha asiuguse kwa kuunywa. Kubandika jani moja kwenye mkwaruzo ni jambo jingine, na kunywa kijiko cha unga kila asubuhi kwa miezi mitatu, kama pakiti ya ndugu yangu inavyoagiza, ni jambo jingine kabisa.

Ikabaki minyoo, ambayo ndiyo iliyoleta pakiti Mambrui. Msingi wake upo: mwaka 1990 watafiti wa Jamaica waliwatia viluwiluwi wa mnyoo aitwaye Strongyloides ndani ya maji ya mimea kadhaa ya kwao, kifaurongo kikiwemo, na viluwiluwi vikazimika. Ndani ya chombo cha maabara, lakini. Hata chumvi na siki huua vitu vingi ndani ya chombo. Vidonge vya albendazoli, ambavyo watoto hupewa shuleni, vimepimwa kwa watu na kipimo chake kinajulikana, na havifiki bei ya mkia wa nguru.

Ndugu yangu alinisikiliza, kisha akatoa hoja ambayo mwuzaji alijua ataitoa. "Sasa mbona nimeyaona kwa macho yangu? Jumatatu nilipokwenda chooni yalitoka marefu, ya kuteleza, kama kamba."

Nikaomba bilauri ya maji na kijiko. Nikatia kijiko kimoja cha unga wake, nikakoroga, nikaiweka dirishani. Mbegu za kifaurongo zina ute unaovimba ukikutana na maji, kama mbegu za mrehani zinavyofanya ndani ya faluda, ila wenyewe huvuta zaidi. Watengenezaji wa dawa wameuchunguza ute huo kwa kazi hiyo hiyo, kuushikilia unga wa kidonge ili utoke polepole. Tulikunywa kahawa tungu na kuzungumza habari za bei ya mahindi. Mkewe alileta kaimati.

Tuliporudi dirishani maji hayakuwepo. Kulikuwa na kitu kizito, rangi ya kijivu, na nilipokiinua kwa kijiko kilivutika kirefu, kikateleza, kikarudi ndani ya bilauri kama mlenda.

Alikitazama, akanitazama mimi. "Kwa hiyo yale ya Jumatatu..."

Hakumaliza. Ndani, mkewe alikuwa ameshaanza kucheka.